Kujenga Mji kwa Maboksi ya Viatu

Kuna swali ambalo nimeshalijibu mara nyingi mno kwenye chumba cha habari: "Hivi wewe bwana, na digrii yako, unakata makaratasi ili iweje?" Leo nalijibu kwa urefu, mara moja, halafu atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Nakata makaratasi kwa sababu ya mchezo. Unaitwa Dungeons & Dragons, na kama hujaucheza basi huenda umeuona kwenye filamu. Waliouanzisha ni Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, mwaka 1974, kwa hiyo mwaka 2024 ulitimiza miaka 50. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi, ndiye anayesema mko wapi, mnaona nini na nani anawajia. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, tuseme mwizi, askari au mganga, naye anaamua mhusika huyo afanye nini. Likija jambo linaloweza kufaulu au kushindikana, inarushwa dadu ya pande 20. Basi. Kama uliwahi kuitikia "pakawa" ukiwa mtoto, nusu ya mchezo unaijua. Tofauti ni kwamba hapa waitikiaji nao wanaruhusiwa kuigeuza hadithi.

Na wale wanaosema ni mambo ya watoto, nawakumbusha kwamba H. G. Wells, yule mwandishi Mwingereza, alichapisha kitabu kizima cha kanuni za kupigana vita kwa askari wa kuchezea, kinaitwa Little Wars. Ilikuwa mwaka 1913, na yeye alikuwa na miaka 40 na ushei. Kwa hiyo tuheshimiane.

Sasa karatasi inaingiaje? Inaingia pale mapigano yanapoanza. Mmoja atasema alikuwa nyuma ya ukuta, mwenzake atauliza ukuta upi, wa tatu atasema yeye tangu mwanzo alikuwa juu ya paa. Mkiweka mji mdogo mezani, ubishi unakwisha, kila mtu anaona amesimama wapi. Kipimo kinachozoeleka ni inchi 1 kwa futi 5, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 60. Mtu mzima anakuwa na urefu wa milimita 28 hivi, na mlango kama 35.

Wenzetu wenye pesa hununua majengo ya plastiki au huchapa kwa mashine. Karatasi ni njia ya sisi wengine. Unahitaji manila nyeupe, boksi la viatu, rula ya chuma, wembe na gundi nyeupe ya mbao. Ukitaka kona ikunjike sawasawa, usiikunje hivi hivi. Pitisha kwanza kalamu ya biki iliyokwisha wino juu ya mstari, uikandamize bila kukata, ndipo ukunje. Gundi iwe kidogo, maana ikizidi karatasi inalowa na ukuta unajikunja kama chapati.

Kuna michoro mingi kwenye intaneti, mingine ya kununua, mingine ya bure, unachapa na kukata. Mingi ni mizuri kweli. Lakini karibu yote ni ya kijiji kimoja: nyumba zenye mbao nyeusi juu ya kuta nyeupe, paa kali la kumwaga theluji, kilabu cha bia chenye meko, ngome yenye daraja la kuvutwa juu. Kwa miezi kadhaa nasi tulicheza humo. Tulikuwa watu watano ndani ya Dar es Salaam, feni inazunguka, jasho linatutoka, na wahusika wetu wanakung'uta theluji mabegani. Na kila mlango tuliofika, tuliuvunja kwa teke. Hakuna aliyejiuliza mle ndani anakaa nani.

Ndipo nikaamua kujenga mtaa wa kwetu. Nilianza na Lamu, kwa sababu michoro ipo. Msanifu majengo Usam Ghaidan alichapisha utafiti wake kuhusu mji huo mwaka 1975. Nilipoanza kupima nikagundua kwamba nyumba ya mawe ya Mswahili imekubaliana na kipimo cha mchezo bila kuombwa. Chumba chake ni kirefu lakini chembamba, kwa sababu dari inabebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba hauwezi kuzidi urefu wa boriti. Hiyo ni mita 3 hivi. Gawa kwa 60, unapata sentimita 5, yaani miraba miwili ya mchezo. Njiti ya kuchokolea meno ina sentimita 6 na nusu. Sentimita 5 zinavuka chumba, zinazobaki zinalalia ukuta huku na huku. Boriti zangu zote zimetoka kwenye kikopo kimoja cha njiti.

Kuta za mawe ya matumbawe ni nene, karibu nusu mita, kwa hiyo karatasi moja haitoshi. Nagundisha tabaka mbili za boksi gumu, napata kama milimita 8. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, unavipata kwa kutoboa tabaka la ndani tu na kuliacha la nje. Juu yake manila nyeupe, na hapo umeshamaliza, maana nyumba yenyewe imepakwa chokaa. Vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba wawili hawapigani bega kwa bega, na juu ya baadhi yake kuna wikio, kile chumba kinachounganisha nyumba mbili kama daraja. Mwizi wetu alipoliona wikio alicheka peke yake dakika nzima.

Jumamosi ya kwanza tuliyoucheza mtaa huo, kazi ilikuwa kuingia kwenye nyumba ya tajiri mmoja na kuchukua barua. Nilikuwa nimeandaa walinzi watatu wenye majambia. Mwenzetu mmoja, aliyekulia Pangani, akasogeza askari wake hadi kwenye daka, pale penye viti vya mawe huku na huku. Akautazama mlango. Kisha akasema, "Msimulizi, napiga hodi."

Miezi yote ile ya mateke, hodi haikuwahi kusikika. Ikabidi walinzi wangu wangoje, akaja bibi mwenye nyumba na kuuliza kutoka ndani, "Nani mwenzangu?" Wakakaa darakani nusu saa nzima wakizungumza naye, dadu haijaguswa. Tulicheka sana usiku ule.

Lakini ghorofa za nyumba zangu zinaondoleka, ili wachezaji waone ndani. Walipokaribishwa juu, nikaichukua ghorofa ya juu na kuiweka pembeni, na ya chini ikabaki wazi. Vyumba viwili, giza, havina zidaka. Dada mmoja wa kundi letu akauliza, "Na hapo chini anakaa nani?"

Msimulizi hujibu. Ingekuwa rahisi kusema ghala, na ghala lilikuwepo kweli. Lakini katika nyumba nyingi za matajiri wa pwani, huko chini waliishi pia watumwa. Nikasema hivyo. Meza ikanyamaza, halafu yule dada akauliza ni wangapi, na wanaitwa nani. Barua ikasahaulika. Jumamosi iliyofuata walirudi kwenye nyumba ileile kwa kazi nyingine kabisa, na safari hiyo hawakupiga hodi.

Hilo ndilo jibu langu kwa wenzangu wa chumba cha habari. Ngome ya theluji haikutudai chochote, kwa sababu wakazi wake hawakuwa ndugu wa mtu yeyote pale mezani. Nyumba ya boksi la viatu ilitudai adabu mlangoni, halafu ikatuuliza swali gumu chini ya ngazi.

Sasa najiandaa kwa Husuni Kubwa, lile jumba la karne ya 14 pale Kilwa Kisiwani, lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane, likitazama bahari. Ramani zake ziko katika kitabu cha Neville Chittick kuhusu Kilwa, kilichotoka mwaka 1974, mwaka uleule wa mchezo wetu. Vyumba 100 ni maboksi mengi. Kwa hiyo ukinunua viatu wiki hii, tafadhali, boksi usitupe. Nitapita kulichukua, na nitapiga hodi.