Sadaka ya Berlin na Mnada wa Kisarawe

Mtanzania anayehamia Berlin lazima akaandikishe anwani yake ofisini, na kwenye fomu kuna sehemu ya kujaza dini. Mlutheri aliyebatizwa Kibaha anajaza bila wasiwasi wowote. Akianza kazi, anakuta kwenye hati ya mshahara makato asiyoyajua: kodi ya kanisa. Berlin ni asilimia 9, si ya mshahara, bali ya kodi ya mapato. Aliyekatwa kodi ya euro 300 anatoa nyingine 27 kwa kanisa. Serikali inakusanya, inachukua ada yake, inayobaki inakwenda kanisani.

Wajerumani waliuweka utaratibu huu kwenye katiba ya 1919, na ile ya 1949 ikauendeleza. Tusiudharau. Asiye na kipato cha kutozwa kodi hadaiwi kitu, na mchungaji analipwa hata waumini wakiwa kumi. Hakuna anayejua jirani yake ametoa kiasi gani, jambo linalokaribiana na fundisho la Yesu katika Mathayo 6 kuhusu kutoa kwa siri.

Nyumbani sadaka ina miguu. Katika sharika za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Kibaha na Kisarawe zikiwamo, watu wanainuka mstari kwa mstari wakiimba, wanakwenda mbele na bahasha zao za ahadi. Wengine wamebeba mihogo, nazi, mayai, pengine jogoo aliyefungwa miguu. Ibada ikiisha, mnada unaanza nje. Mzee wa kanisa anamnyanyua jogoo, bei inapandishwa kwa vicheko, na aliyeshinda anaweza kulipa kisha akamrudisha anadiwe tena, au akampa mgeni. Jogoo mmoja anatolewa sadaka mara mbili, tatu. Kutoa huko ni karibu zaidi na Kumbukumbu la Torati 26, ambapo mkulima anabeba kikapu cha malimbuko mwenyewe na kusema mbele ya kuhani Mungu amemtendea nini.

Kinachoshangaza ni kwamba Ulutheri wa Kisarawe ulitoka huko huko Berlin. Wamisionari walifungua kituo Kisarawe mwaka 1892, na Maneromango 1895. Walileta Katekisimu ya Luther na tenzi zao. Lakini Mzaramo wa miaka iliyofuata, Mjerumani akitaja kodi, alikumbuka kodi ya nyumba ya 1898, iliyokusanywa kwa mabavu na kuchangia hasira za Majimaji mwaka 1905. Kanisa linalodai kwa mkono wa serikali lingepata shida sana kuitwa kanisa pale.

Si kwamba fedha ya kodi haina upendo. Shirika la Elimu Kibaha lilianza 1963 kwa kodi za wananchi wa nchi za Nordiki, likakabidhiwa Tanzania 1970, na vizazi vya watoto vimesoma pale.

Hata hivyo, mnada una jeraha lake, nalo halisemwi vya kutosha: mama asiye na kitu wiki hiyo anapita mbele mikono mitupu, macho yote yakimwona. Wazee wa kanisa wanaopenda mnada, na wana haki ya kuupenda, wanapaswa kumfikiria huyo kabla ya kutangaza majina ya waliotoa na viwango vyao. Walioko Berlin nao wana la kufanya: makato ya kodi hayawazuii kutuma pesa kwa simu na kumwomba ndugu apandishe bei ya nazi Jumapili.