Kodi Niliyowalipisha Akina Mama

Fedha za likelemba (upatu) ya akina mama hapa Yangambi, Kongo, zilipotea kwa sababu yangu. Aliyeziiba ana hatia yake, lakini mimi ndiye niliyemfungulia mlango.

Nilikuwa mtunza hazina wao. Wanalima mihogo na mpunga, wanapandisha mizigo kwa mto hadi Kisangani, karibu kilomita 100, na kila mmoja hutoa fungu lake ili apokee chungu zamu yake ikifika. Niliwashawishi tuweke mzunguko mzima kwenye sarafu za kidijitali. Hoja yangu ilikuwa moja: huko serikali haina mkono. Niliwakumbusha mwaka 1979, Mobutu alipofuta noti za zaire 5 na 10 na kuwapa watu siku chache tu za kubadilisha. Niliwakumbusha 1993, zaire 3,000,000 za zamani zilipogeuzwa kuwa zaire mpya moja. Wazee kati yao waliitikia, maana yaliwakuta. Kwa kuwa serikali ilituumiza, nikahitimisha kwamba pasipo na serikali pana usalama. Hapo ndipo nilipokosea.

Tulinunua sarafu za USDT kwa dola zetu, tukazituma kwenye programu niliyoonyeshwa. Kila jioni nilifungua simu nikawaonyesha namba ikipanda. Zamu ya mama mmoja ilipofika, naye akihitaji karo ya watoto, nikabonyeza kutoa. Ukaja ujumbe: lipeni kwanza kodi ya faida. Kodi ya kweli huingia hazina ya taifa na mlipaji hupewa risiti; hii ilidaiwa itumwe kwenye anwani ya programu hiyohiyo. Nililiona hilo, na bado niliwaambia akina mama waongeze. Waliongeza. Kesho yake programu haikufunguka tena. Sarafu hizo zikishathibitishwa kwa mpokeaji, mtumaji hawezi kuzirudisha, na mimi sikuwahi kuuliza kama kampuni yenye programu ile ilikuwa na leseni ya Benki Kuu ya Kongo.

Tangu hapo nafuatilia jinsi nchi wenzetu zinavyotoza kodi na kusimamia sarafu hizi. Kenya ilianza Septemba 2023 kutoza asilimia 3 ya thamani ya mali ya kidijitali inapohamishwa, hata kwa aliyeuza kwa hasara. Tanzania nayo ikaweka asilimia 3 Julai 2024. Lakini sheria ya Kenya ya kuwapa leseni na kuwasimamia watoa huduma, chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ilitiwa saini Oktoba 2025, wakati kodi ile ilikwisha kufutwa na kuwekwa ushuru wa asilimia 10 kwenye ada za huduma. Mkono wa kuchukua ulitangulia mkono wa kulinda kwa miaka miwili. Kongo isirudie hilo. Leseni itangulie, fedha za wateja zitengwe na za kampuni, pawe na ofisi ya kupokea malalamiko hata Kisangani. Kisha kodi ije, nami nitailipa.

Akina mama, naomba radhi. Deni ni langu, nalilipa kidogo kidogo kila mavuno. Na akija mwingine kuwasifia fedha isiyo na msimamizi, msimpe hata faranga moja kabla hajawajibu: tukiibiwa, tutamshtaki nani, na wapi?