Kuitazama Sinema Mara ya Pili

Msomaji, watu wengi hudhani kwamba sinema ikisha kutazamwa mara moja imekwisha kazi yake, kama muwa uliokwisha kutafunwa. Mimi sioni hivyo. Mara ya kwanza mtazamaji hukimbizana na kisa. Hutaka kujua nani atashinda na nani ataangamia. Mara ya pili, kwa kuwa mwisho anaujua, macho yake huwa huru kuzunguka, nayo huona mambo ambayo haraka ya kwanza iliyaruka. Nakuomba unifuate kidogo nikuonyeshe jambo hili kwa mfano uliopatikana karibu na kwangu.

Mimi ni mkaazi wa Karagita, mtaa ulio kando ya Ziwa Naivasha. Ni mahali pa vyumba vya kupanga vilivyobanana, palipokuzwa na mashamba ya maua. Alfajiri mabasi huja kuwachukua wafanyakazi, na jioni huwarudisha wamechoka, vidole vyao vimechomwa na miiba ya mawaridi. Ukiifuata barabara ipitayo kwetu, ukalizunguka ziwa upande wa kusini, utafika kwenye njia iingiayo Hell's Gate, jina ambalo maana yake ni Mlango wa Jahanamu. Mahali hapo palitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka wa 1984. Pana majabali marefu, mivuke itokayo ardhini, na korongo jembamba lililochimbwa na maji kwa miaka isiyohesabika.

Mwaka wa 2003 ilitoka sinema iitwayo Lara Croft Tomb Raider: The Cradle of Life. Ilikuwa ya pili katika mfululizo wake. Ya kwanza ilitoka mwaka wa 2001. Mwongozaji alikuwa Jan de Bont, na Angelina Jolie alikuwa Lara, mwanamke wa Kiingereza atafutaye vitu vya kale. Katika kisa hicho anatafuta kasha la Pandora, ambalo Wayunani wa kale walisimulia kuwa ndimo yalimotoka maovu yote ya dunia. Safari yake inaanzia Ugiriki, inapita China, na inakoma Afrika, mahali paitwapo chimbuko la uhai. Baadhi ya picha za sehemu hiyo ya Afrika zilipigwa Hell's Gate.

Niliiona kwanza katika banda la video hapa Karagita, nikiwa kijana. Tuliketi juu ya mabenchi, bega kwa bega, joto likitutoa jasho. Majabali yale yalipotokea, banda zima lilipiga kelele, "Ni kwetu! Ni kwetu!" Tulifurahi kama watu walioona jina lao limechapwa gazetini. Furaha hiyo ilikuwa halali. Asiyependa kwao hana pa kupenda.

Miaka mingi ikapita. Hivi karibuni mpwa wangu, mwanafunzi wa shule ya sekondari, alikuwa akijitayarisha kwenda Hell's Gate kwa baiskeli pamoja na wenzake wakati wa likizo. Alikuwa amesikia kwamba Lara alipita huko, akaniomba tuitazame sinema ile pamoja. Tuliitazama, na safari hii niliona mambo matatu.

Jambo la kwanza ni mahali penyewe. Sinema inasema kwamba chimbuko la uhai li karibu na Kilimanjaro. Kumbe kati ya mlima ule na majabali yetu pana safari ya siku nzima kwa gari. Silaumu. Msimulizi wa hadithi ana ruhusa ya kuushona mlima huu na bonde lile, mradi msikilizaji ajue penye mshono.

Jambo la pili ni watu. Lara ana rafiki Mwafrika aitwaye Kosa, aliyeigizwa na Djimon Hounsou, mzaliwa wa Benin. Huyo ana jina na ana maneno. Lakini wako pia wanakijiji wanaokubali kuwaongoza wageni. Watu wa Reiss, tajiri mwovu autafutaye ugonjwa uliomo kashani, wanawavizia na kuwaua. Kisa kinasonga mbele bila hata tanga la usiku mmoja. Tulipokuwa bandani hakuna aliyewahesabu maiti wale. Sote tulikuwa na hofu juu ya Lara. Safari hii mpwa wangu aliuliza, "Mjomba, hawa waliouawa waliitwa nani?" Swali lilikuwa fupi, lakini sinema nzima haina jibu lake.

Jambo la tatu ndilo zito zaidi. Katika sinema, chimbuko lile linalindwa na viumbe wa kivuli watokao katika miti mikavu. Vinatisha sana. Lakini nilipowaona wakiwajia watu penye miamba ile, sikuyatazama tena madude. Nilijikuta natafuta mawingu. Maana katika korongo la kweli la Hell's Gate, muuaji ni maji. Mwezi wa Aprili mwaka wa 2012 mafuriko ya ghafula yaliwachukua vijana saba waliokuwa katika matembezi ya kanisa. Mwezi wa Septemba mwaka wa 2019 yaliwaua tena watu saba, mmoja wao akiwa kiongozi wa watalii, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori likalifunga korongo. Mvua yaweza kunyesha mbali vilimani, na juu ya kichwa chako mbingu ikawa nyeupe. Maji hukusanyika, huingia penye wembamba, hupanda kwa dakika chache, na kuta za mwamba hazina pa kushika. Nilimweleza mpwa wangu haya yote, nikamwambia asiingie penye korongo bila idhini ya askari wa wanyama, na ayatazame mawingu ya vilimani kabla ya kuitazama mbingu ya juu yake. Alinyamaza kitambo, kisha akaahidi.

Haki nayo isemwe. Sinema ile ina tendo moja zuri ambalo nililipuuza ujanani. Lara analipata kasha, na mwenziwe Terry anataka kulichukua. Lara anamzuia hata kwa kumwua, kisha analirudisha kasha mahali pake. Bandani tulimshangilia kwa kumwangusha Reiss katika dimbwi liyeyushalo mwili. Leo naona kwamba ushindi wake mkubwa ni kuacha.

Tena hilo neno chimbuko si porojo tupu. Kariandusi, karibu na Gilgil, kuna shoka za mawe zilizochongwa na watu wa kale mno, nyingine kwa jiwe jeusi ling'aalo kama kioo. Louis Leakey na wenzake walipachimba miaka ya mwisho ya 1920 na mwanzo wa 1930. Hawakuhitaji tufe la dhahabu la kufungulia mlango. Walihitaji sururu, brashi na subira. Hazina hiyo i katika bonde letu hili hili, na mwanafunzi wa Naivasha aweza kwenda kuiona na kurudi siku hiyo hiyo.

Basi, msomaji, sikukatazi sinema za ajabu, wala sikuambii uzitazame kwa uso wa kununa. Ifurahie ya kwanza upendavyo. Ukiirudia, chukua maswali matatu: Mahali hapa ni wapi hasa? Nani amekufa bila jina? Na hatari iliyopo hapa kweli ni ipi? Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni walikuja na kamera zao wakatuonyesha majabali yetu. Yaliyobaki, majina ya watu na tabia za maji, ni juu yetu wenyeji kuyajua na kuwaambia wadogo zetu kabla hawajapanda baiskeli.