USIPITE MOMBO BILA KUPANDA LUSHOTO

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, ikiwa umewahi kusafiri kwa njia kuu itokayo Segera kwenda Moshi na Arusha, basi umepita Mombo. Huenda ulinunua machungwa dirishani mwa basi, ukainua macho na kuuona ukuta mkubwa wa milima upande wa kulia, ukasema moyoni, "Kumbe huku kuna milima." Kisha basi likaondoka, nawe ukasinzia.

Mimi nami nilifanya hivyo kwa miaka kumi. Kazi hii ya uandishi ilinipitisha Mombo mara nyingi nikiwahi mikutano ya Arusha, wala sikushuka hata siku moja. Mwaka huu, nilipopata likizo ya siku nne, niliazimia kushuka. Tena niliazimia kwenda peke yangu.

Shangazi yangu aliposikia habari hiyo alinipigia simu kutoka Mwanza. "Mwanamke huendaje mahali asipo na ndugu?" aliniuliza. "Ukiugua nani atakuuguza? Ukipotea nani atakuulizia?" Nilimjibu kwamba Lushoto ni Tanzania, na Tanzania ni kwetu. Naye akasema, "Tanzania ni kubwa, mwanangu." Maneno hayo ndiyo niliyopanda nayo mlimani.

KANGA YA MTU NISIYEMJUA

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni yapata kilometa 33, lakini usidhani ni mwendo wa kupepesa macho. Barabara ni ya lami, nayo inapanda kwa kujipinda huku na huku. Upande mmoja pana mwamba na upande wa pili pana korongo lenye maji yanayokimbia chini kabisa. Joto la tambarare hubaki nyuma kidogo kidogo, na kila pindo la njia huleta hewa nyingine.

Katika basi dogo nilikaa na mama mmoja aliyekuwa akirudi kutoka Mombo na tenga tupu. Alinitazama, akaniambia, "Onga mshi." Nikabaki nimeduwaa. Basi zima lilicheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa cha dharau, kwa maana kila abiria alitaka kuwa mwalimu wangu. Mmoja alinisahihisha matamshi, mwingine akamsahihisha aliyenisahihisha. Tulipofika Soni, penye maporomoko ya maji yanayoonekana kando ya njia, nilikuwa najua maneno mawili ya Kisambaa: onga mshi, yaani salamu ya mchana, na hongea, yaani ahsante.

Hapo Soni baridi ilinishika. Nilikuwa nimevaa gauni la mikono mifupi kama mtu aendaye Kariakoo. Yule mama alifungua kanga moja katika doti aliyojitanda, akanifunika mabegani. "Utanirudishia kesho gulioni," alisema. Nikamwuliza atanipataje, maana hanijui wala mimi simjui. Alijibu kwa utulivu kwamba Lushoto si mji wa kumpoteza mtu, kisha akashuka njiani na tenga lake.

Lushoto imekaa bondeni, karibu meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, ikizungukwa na vilima vyenye mashamba na misitu. Wajerumani walipoitawala nchi waliuita mji huu Wilhelmstal, yaani Bonde la Wilhelm, kwa jina la mfalme wao, wakaufanya mahali pa kukimbilia joto la pwani. Jina hilo limekwisha kazi. Kilichobaki ni majengo machache ya zamani, miti mirefu, na ukungu unaoshuka alasiri hata mtu asione ng'ambo ya barabara.

Siku iliyofuata nilikwenda gulioni na kanga mkononi. Ndugu msomaji, kabichi na karoti unazokata jikoni kwako Dar es Salaam, huenda zimetoka katika milima hii. Pale gulioni nilikuta marundo ya kabichi, karoti, viazi na nyanya, na matunda ya nchi za baridi kama mapeasi na mafyulisi. Nilianza kuuliza habari za mama ambaye sikujua hata jina lake. Wauza mboga waliitazama ile kanga, wakauliza alishukia wapi na tenga lake lilikuwa la namna gani. Nikapokezwa kutoka meza moja hadi nyingine, mpaka nikamkuta ameketi nyuma ya fungu la viazi, anacheka. "Nilikuambia," alisema. Alipokea kanga yake, akanitilia mapeasi katika mfuko, akakataa fedha.

WAGENI WALIOTANGULIA

Watu wa milima hii wana mazoea ya siku nyingi na wageni. Masimulizi ya Wasambaa, ambayo Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy aliyaandika katika kitabu chake Habari za Wakilindi, yanasema kwamba hata ufalme wao ulianzishwa na mgeni. Huyo ni Mbegha, mwindaji kutoka Ngulu, aliyekimbia kwao kwa kuwa nduguze walimhesabu kuwa kigego, mtoto aliyeanza kuota meno ya juu. Alipofika Usambara aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba ya watu, akawagawia nyama. Wenyeji wakampokea, wakampa ufalme. Hapo ndipo mtu aweza kusema kwa haki: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wageni wa baadaye hawakuwa wote wa namna hiyo. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alimwendea Mfalme Kimweri ye Nyumbai mwaka 1848, na tena mwaka 1852. Mwaka 1857 Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Vugha, mji wake mkuu. Wote hao walifika wakiomba ruhusa. Baada ya miongo michache Wajerumani walikuja wakiamuru. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao ua dogo la zambarau la misitu ya Usambara. Mwaka uliofuata wataalamu wakalipa jina la Saintpaulia. Leo ua hilo linapandwa katika vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani, nalo linaitwa kwa jina la aliyelichukua.

MGUU WANGU SHAMBANI MWA WATU

Siku ya tatu nilitembea hadi Irente, mahali wageni wanapopenda kwenda, kwa kuwa huko mlima unakatika ghafla. Unasimama juu ya jabali na tambarare iko chini yako yapata meta elfu moja. Unaiona barabara kuu kama uzi, na mabasi kama siafu. Nilikaa kitako nikiyatazama mabasi yale, nikikumbuka miaka yangu kumi ya kusinzia ndani yake.

Wakati wa kurudi, mawingu yalitanda nikaogopa mvua. Niliiacha njia, nikashuka moja kwa moja katikati ya mashamba yaliyolimwa kwa ngazi. Kwenye ukingo wa kila ngazi palikuwa na safu ya majani marefu, nami nilikuwa nikiyakanyaga na kuyashika ili nisiteleze. Mashina kadhaa yaling'oka mkononi.

"Wewe mwanangu! Simama hapo hapo!"

Alikuwa bibi kizee aliyezidi miaka themanini, na jembe begani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kwa upole kama kwetu watu huingia nyumbani kwa kupita ukutani. Niliona haya. Alinishika mkono, akanionyesha nilikopita. Pale nilipoyang'oa majani, udongo ulikuwa tayari umeanza kuporomoka.

Tulikaa kwenye kibaraza chake, akanipa maziwa ya moto, akanisimulia. Waingereza, kuanzia Mlalo mwaka 1946, waliwalazimisha wakulima wa Usambara kulima matuta yanayokingama mlima ili kuzuia mmomonyoko. Aliyekataa alitozwa faini au alifungwa. Katika miaka ya 1950 watu waligoma, TANU ikapata nguvu katika milima hii kwa sababu hiyo, na mwishoni mwa miaka hiyo mpango ukaachwa. Bibi alikuwa msichana wa kutumwa maji wakati huo. Alimwona mama yake akilima matuta alfajiri kabla ya kwenda kulima chakula cha watoto.

Nilimwuliza: kama matuta walikuwa wameyakataa, mbona leo shamba lake lote ni ngazi na majani?

"Mlima tuliupenda siku zote," alijibu. "Fimbo ndiyo tuliyoikataa."

Akaeleza kwamba katika miaka ya 1980 ulikuja mradi mwingine, SECAP, uliosaidiwa na Ujerumani. Huo uliwafundisha kupanda majani ya guatemala kwenye kingo, pamoja na miti, na kufuga ng'ombe bandani. Majani yanazuia udongo, na hayo hayo ndiyo anayokatiwa ng'ombe. Ng'ombe anatoa maziwa, na samadi yake inarudi shambani. Mtu akiona faida hiyo kwa macho yake, hahitaji askari. Wasambaa wana neno lao kwa kazi hiyo, kuzifya shi, yaani kuiponya nchi. Zamani walimpima mfalme kwa neno hilo: je, anaiponya nchi au anaiharibu?

Kisha alininyoshea kidole shamba la jirani. Hapo ngazi zilikuwa zimebomoka, na korongo lenye kina cha kimo cha mtu lilikuwa limepasua mteremko toka juu hadi chini. Mwenye shamba alikwenda Dar es Salaam, akasema atarudi. Majani hayakupata wa kuyapanda upya, na mvua za misimu michache zilimaliza kazi. Korongo lile sasa linausogelea ukingo wa bibi mwenyewe. Alikuwa na wana wanne, na shamba likigawanywa kwa wanne halimtoshi hata mmoja. Waliobaki nyumbani ni yeye na mjukuu wake wa kiume wa miaka kumi na tisa, naye mjukuu amekwisha kuweka nauli ya kwenda mjini.

Mvua haikunyesha jioni ile. Bibi alimwita mjukuu, akakata vipande vya majani, akanikabidhi jembe. Tulipanda upya ukingo wote nilioubomoa, na kipande kingine kilicho karibu na korongo, mpaka giza lilipoingia. Viganja vyangu vilitoka malengelenge. Bibi alikagua kwa tochi ya simu, akang'oa mashina mawili niliyoyapanda vibaya, akayapanda mwenyewe.

Nilipoaga nilitoa fedha. Hakukasirika, wala hakuzipokea. Alisema, "Niandikie namba yako ya simu. Huyu mtoto atakwenda tu, siwezi kumfunga kamba. Nataka akifika huko awe anajua mtu mmoja." Nikaandika kwenye kipande cha karatasi, akakikunja na kukifunga katika pindo la kanga yake.

NENO LA KWAHERI

Ndugu msomaji, likizo ikifika ichukue familia yako upande Lushoto. Chukua sweta, hasa kati ya Juni na Agosti. Vaa viatu vya kutembea. Watoto wafundishe kusalimu kabla ya kupiga picha. Mpate mwenyeji wa kukuongoza, umlipe haki yake. Nawe usiiache njia kwa kuogopa mvua, kwa maana majani unayoyaona kando ya shamba ni ukuta wa nyumba ya mtu.

Shangazi nilimsimulia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Na huyo kijana akishuka kwenye basi huko kwenu, nani atampa kanga?"

Kila siku vijana kama yeye hushuka Mbezi, kwenye kituo kikuu cha mabasi, na mfuko mmoja mkononi na anwani isiyosomeka. Hukutana na watu wenye haraka kama mimi na wewe. Sijui yeye atafika lini. Huenda majani tuliyopanda yatashika, akabaki, huenda hayatashika. Kwa sasa, namba nisiyoijua inapoita, siku hizi napokea.