Nani Alikusimulia?

Mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili tulifundishwa kumzika mwandishi. Roland Barthes alimtangazia kifo mwaka 1967, nasi darasani tukaendeleza matanga. Ukisema riwaya iko hivi kwa sababu mwandishi alilelewa vile, unarudishwa kwenye matini. Nje ya darasa, swali la kwanza ninaloulizwa kuhusu hadithi yoyote niliyoandika ni lilelile: "Hiki kilikukuta wewe?"

Nimelitafakari swali hilo kupitia waandishi wawili.

Wa kwanza ni Romain Gary. Tuzo ya Goncourt ya Ufaransa hutolewa kwa mwandishi mara moja tu maishani, naye aliipata mwaka 1956. Mwaka 1975 ikaenda kwa Émile Ajar, kwa riwaya inayosimuliwa na Momo, mtoto wa Kiarabu anayelelewa Paris na mwanamke wa Kiyahudi aliyenusurika Auschwitz. Ajar alikuwa Gary huyohuyo. Mtoto wa binamu yake ndiye aliyejitokeza hadharani kwa jina hilo. Ukweli ulichapishwa mwaka 1981, Gary akiwa ameshafariki. Momo hakupungukiwa kitu. Kitabu kinasomwa hadi leo.

Wa pili ni Binjamin Wilkomirski. Mwaka 1995 alichapisha kumbukumbu za utoto wake katika kambi za mauaji za Wanazi, akapewa tuzo. Mwaka 1998 mwandishi wa habari mmoja akafichua kwamba alizaliwa na kukulia Uswisi. Mchapishaji akakiondoa kitabu sokoni. Hakuna sentensi hata moja iliyokuwa imebadilika.

Tutasema mmoja aliandika riwaya, mwingine aliapa kwamba anasema kweli. Sawa. Lakini jibu hilo halielezi kwa nini mimi, mwandishi wa hadithi za kubuni, bado naulizwa.

Mwaka jana nilichapisha hadithi fupi kuhusu mwanamke aliyefiwa na mtoto mchanga. Siku ya tatu ya msiba, maziwa yanalowesha kanga yake mbele ya wageni. Mama mmoja nisiyemjua akaniandikia: "Mwanangu, pole sana. Nami nilizika wawili."

Sijawahi kuzaa. Ningeweza kushukuru na kunyamaza. Ilikuwa hadithi, na darasani ningetetewa. Lakini pole ile haikuwa yangu. Nikamjibu: "Shikamoo mama. Asante, ila halikunikuta mimi." Nikajiandaa kuitwa tapeli.

"Marahaba," akaandika. "Basi nani alikusimulia?"

Hakuuliza kama nina haki ya kuandika. Alijua tu kwamba kanga ile haikutoka hewani. Nikamwambia ni mama yangu mdogo. Alinisimulia tukichambua mchele, akasema niandike ila nisimtaje jina.

"Basi mfikishie pole yangu."

Tangu siku hiyo naamini msomaji hatudai kitambulisho. Ametoa kitu, pole au machozi au usingizi wa usiku mmoja, na anataka kujua kimemfikia nani. Upendo aliopewa Momo ulimfikia Momo, maana hakuna aliyeahidiwa zaidi yake. Pole alizopewa Wilkomirski zilikuwa za watoto waliopita kweli katika kambi zile, naye akazikalia njiani. Kwa hiyo asili ya mwandishi ina uzito, ila si kama kibali cha kuingilia. Inatuonyesha njia ambayo hadithi imepita hadi kutufikia, na kama kuna mtu njiani aliyebaki na kisicho chake.

Jioni ile nilimpigia mama mdogo, nikamfikishia pole yake. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza: "Na wake, walikuwa na umri gani?"