Herufi Mbili katika Karatasi ya Mama Mkwe

Genova, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

 Huku baridi inatusumbua. Natumai huko Malindi baba yako mguu umepata nafuu.

Picha ya trei yako ya focaccia nimeipata. Nimeona donge lilivyofura likamwagika pembeni, kisha likazama katikati kama godoro kuukuu. Unasema uliifuata karatasi ya mapishi niliyokunakilia neno kwa neno, mkate ukatoka mweupe na mchachu. Halafu ukaniuliza, "Shangazi, hii q.b. ni kipimo gani?" Swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu, maana kwa simu nisingelimaliza.

Q.b. ni kifupi cha quanto basta, yaani kiasi cha kutosha. Waitaliano huiandika q.b. katika mapishi yao mengi. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliziandika herufi hizo kwa penseli mbele ya maji na mbele ya mafuta. Nilipokuja huku ningali bibi harusi nilizichukia. Nilidhani ni hila ya kumnyima mgeni siri ya nyumba. Siku moja nikamkabili nikamwambia anipe gramu kamili. Hakunijibu. Alinishika mkono akauzamisha kwenye bakuli la unga, akawa anamimina maji kidogo kidogo huku akinitazama usoni, mpaka mimi mwenyewe nikasema, "Basi." Kumbe hakuwa ananificha kitu. Maji ya Januari si ya Julai, na unga wa mfuko huu haunywi sawa na wa mfuko ule.

Sasa turudi kwenye trei yako. Karatasi inasema hamira gramu 15 kwa nusu kilo ya unga. Hiyo ni hamira mbichi, ambayo huku huuzwa kwa vipande vya gramu 25, laini, ukikifinya kinamumunyuka. Wewe umetia gramu 15 za hamira kavu ya pakiti, ambayo nguvu yake ni karibu mara tatu. Zingekutosha 5. Na hizo 5 ni za jiko la Genova, ambalo siku za baridi halipiti nyuzi 18. Jiko lako saa nane mchana limefika 30. Hamira ni kitu hai, mwanangu. Joto likiizidi inakwenda mbio, inaila sukari yote ya unga kabla mkate haujaona moto, na mkate usiobakiwa na sukari haupati rangi. Ndiyo maana wako ulitoka mweupe.

Tia gramu 2. Maji yawe ya friji. Anza alfajiri, kabla jua halijapanda. Usiogope kwamba unaiharibu karatasi, kwani aliyeiandika alikuwa akiibadilisha kila mwezi kwa mkono wake.

Isitoshe, haya yamo katika damu yako. Bibi yako hakuwa na mizani jikoni wala saa ukutani. Akishasaga mchele wa mkate wa kumimina, akatia tui na hamira, alifunika akaenda kwenye shughuli zake. Kila baada ya muda alirudi, akafunua kawa, akatazama mapovu, akanusa, akafunika tena. Nilikuwa nikimuuliza bado muda gani, naye akinijibu, "Muulize yeye," akilionyesha bakuli. Fanya vivyo hivyo. Donge likishakuwa mara mbili ya lilivyokuwa, limekuwa tayari, hata kama karatasi inasema lina saa nzima mbele.

Vipimo vya kuanzia, pamoja na hamira ile, ni hivi: unga mweupe wa mkate nusu kilo, usiwe wa keki, maji gramu 300 (mengine uyaweke karibu), chumvi gramu 10, mafuta ya zeituni vijiko viwili vikubwa, asali nusu kijiko cha chai. Kanda mpaka donge liache kung'ang'ania vidole. Likiumuka, lihamishie kwenye trei ya sentimita 30 kwa 40 uliyoipaka mafuta bila ubahili. Ukilivuta likarudi nyuma, usishindane nalo. Liache dakika kumi, litakutii.

Linalofuata ndilo linaloufanya mkate huu uwe wa Genova. Simamisha vidole wima, ubonyeze kwa nyama ya kidole na wala si kwa kucha, mpaka uhisi bati la trei chini. Jaza mashimo trei nzima. Halafu chukua maji nusu kikombe, chumvi kijiko cha chai, mafuta vijiko vitatu vikubwa, upige kwa uma mpaka yawe meupe kama tui jepesi. Wao huyaita salamoia. Yamimine yote juu ya donge.

Nasema yote, kwa sababu utaogopa. Maji yatatuama mashimoni kama mvua kwenye nyayo za ng'ombe, nawe utaona umeharibu. Mimi mara ya kwanza niliinamisha trei nikamwaga nusu kwenye sinki. Mkate ukatoka mkavu, mashimo yamekauka kama udongo wa kiangazi. Mama mkwe alikula kipande chake kimya, na kesho yake akaniwekea unga mwingine mezani. Maji yale hulinda mashimo yasikauke, kwa hiyo yanabaki meupe na laini, wakati matuta yaliyopata mafuta yanakuwa ya dhahabu. Ukiuma unavipata vyote viwili kwa pamoja, na chumvi juu yake.

Acha liumuke tena, kwako nusu saa inaweza kutosha. Choma kwa nyuzi 230, dakika kama 15. Ukitoa, usiuache kwenye trei, utatoka jasho chini. Utoe uweke juu ya wavu.

Umeniuliza kama mafuta ya nazi yanafaa. Hayafai. Yana harufu yake na heshima yake kwenye vyakula vyetu, lakini hapa yatautawala mkate wote. Kama mafuta ya zeituni ni ghali, tia mafuta ya kawaida ndani ya donge, na ya zeituni uyatunze kwa salamoia na kwa kupaka mwisho, maana ya juu ndiyo ulimi unayokutana nayo. Na usichanganye mkate huu na piadina ya Romagna, ile inayofanana na chapati. Ile kwa asili hutiwa mafuta ya nguruwe, kwa hiyo ukiletewa popote, uliza kwanza. Wetu ni zeituni tu.

Kuhusu mpango wako wa kuuza mkate huu, nimefurahi. Malindi imewazoea Waitaliano tangu walipokuja kurusha roketi kutoka Ngomeni miaka ya 1960, lakini kwa vile wateja wako wanaijua piza, watauita piza isiyo na kitu. Waambie jina lake, focaccia. Uza asubuhi. Huku watoto huununua wakienda shule, na watu wazima huuchovya kwenye kahawa ya maziwa bila kujali ile chumvi. Wa asubuhi jioni umeshazeeka, usimuuzie mtu kesho yake. Wala usiandike jina la mji wa Recco kwenye mkate wako hata ukitia jibini. Focaccia ya Recco haina hamira kabisa, ni matabaka mawili membamba yenye jibini katikati, na tangu 2015 jina hilo linalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya kwa wanaoitengeneza Recco na miji jirani tu.

Nunua penseli. Kila ukioka, andika pembeni mwa nakala yako joto la siku hiyo, hamira uliyotia, na dakika donge lilizochukua kuumuka. Trei ya kwanza itakayotoka vizuri mpelekee baba yako ingali moto. Nitafika Desemba, inshallah, na nitakuja na karatasi yenyewe ya mama mkwe, yenye madoa yake ya mafuta. Itakuwa yako.

Shangazi yako