Meza ya futi nane Amherst

Saa mbili asubuhi, Jumamosi moja ya Desemba, nilikuwa nashusha mabegi manne ya vikapu nje ya ukumbi hapa Amherst. Zamu yangu ya usiku hospitalini ilikuwa imeisha saa moja. Theluji ilifika vifundoni. Mume wangu alibaki na mtoto, basi nikavuta mabegi peke yangu, moja moja, huku wauzaji wenzangu Wamarekani wakinipita na vigari vyao vya kukokota vimejaa mishumaa na soksi. Kigari kile si ghali. Kama unawaza kushiriki maonesho, kinunue kabla hujakodi meza.

Amherst yetu ni hii iliyopakana na Buffalo, jimbo la New York, si ile ya Massachusetts ambako binamu yangu aliwahi kutuma kifurushi changu. Ni mji wa barabara pana na maduka yenye maegesho makubwa kuliko maduka yenyewe. Kampasi ya kaskazini ya Chuo Kikuu cha Buffalo iko hapa, kwa hiyo wanafunzi wengi mnapafahamu. Ukitembea kwa miguu kando ya Sheridan Drive, watu wanadhani gari lako limeharibika.

Vikapu vyangu ni vya milulu, vya Iringa. Vinasukwa na mama na wenzake saba. Nilikuwa nimewalipa nusu, na nusu iliyobaki niliahidi kuituma kabla ya Januari. Mnaijua Januari ya nyumbani: ada, sare, madaftari. Wale kina mama hawakunidai, na hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Nilikuwa nimeshajaribu mara mbili. Dada yangu anaishi Louisville, na barabara kuu ya 71 inatoka huko, inapita Cincinnati na Columbus mpaka Cleveland. Ukishika ya 90 kando ya Ziwa Erie unarudi Buffalo. Nikasema, kama naenda kumsalimia dada, kwa nini nisibebe mzigo? Louisville nikapanga kanga mbele. Wateja wangu wengi walikuwa kina mama wa Kikongo, wakazishika, wakazikunjua, wakaniuliza kwa upole, "Dada, bikwembe iko wapi?" Walitaka vitenge. Columbus mambo yalikuwa afadhali, maana Wasomali kadhaa waliokulia Kenya walizipenda kanga, ila walipatana bei kama tuko Eastleigh, nami kwa furaha ya kusikia Kiswahili nikapunguza mno. Katika miji yote miwili niliuza vikapu viwili. Nilipotoa mafuta, meza na chakula, nikakuta hasara ya dola 112.

Karatasi nazo zina kazi yake. New York huruhusiwi kuuza hata kwa siku moja bila cheti cha kukusanya kodi ya mauzo. Hakilipiwi, lakini omba angalau siku 20 kabla. Hapa Amherst kodi yenyewe ni asilimia 8.75, Kentucky ni 6. Kila jimbo lina masharti yake, kwa hiyo usivuke mpaka na mzigo kabla hujauliza. Ukitaka kuuza chakula kuna kibali cha idara ya afya, na mimi kama nesi nawaombeni msikikwepe. Jambo jingine, kwa wanafunzi. Kijana mmoja wa chuo, mtoto wa jirani yetu, aliomba anisaidie mezani nimlipe kidogo. Nilimkatalia. Mwenye viza ya F-1 hafanyi kazi nje ya chuo bila idhini, na kitu cha kuhatarisha masomo ya mtu si vikapu. Mimi nina kadi ya kijani, ndiyo maana nilithubutu.

Basi, Amherst. Kufikia saa tano sijauza kitu. Nimekaa nyuma ya meza, koti begani, macho yananiuma, nachezea simu. Watu wanapita, wanatabasamu, wanaenda kwenye soksi. Nikampigia mama; kwao ilikuwa saa moja usiku.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Umeuza?"

"Bado."

"Umekaa?"

Nikanyamaza.

"Umekaa wewe. Mimi Nane Nane Mbeya siku ya kwanza nilikaa, nikarudi na mzigo wote. Mtu hasimami mbele ya mtu aliyekaa. Kile kitako nilichokutumia kiko wapi? Suka."

Alikuwa amenifungia kitako cha kikapu na fungu la milulu, eti nisisahau mkono. Nikaomba maji jikoni, nikailowesha, nikasimama mbele ya meza nikaanza kusuka, vibaya sana. Dakika hazikupita nyingi, mtoto mmoja akasimama kuangalia. Kisha mama yake. Kisha bibi mmoja mwenye kofia ya sufi akauliza kikapu kinachukua siku ngapi na nani anakisuka. Nikamwonyesha picha ya kina mama wote wanane. Akachukua viwili. Nikagundua pia kwamba hapa hawaulizi bei kwanza. Wanauliza kitawekwa nini. Nikatia mikate kwenye kimoja na nyuzi za kufumia kwenye kingine, navyo vikaondoka hivyo hivyo.

Nilikuja na vikapu 46, nikarudi na 15 na oda za vingine tisa. Jumatatu nilituma ile nusu yote kwa simu.

Ukiwa Buffalo na hujui uanzie wapi, nenda kwanza West Side Bazaar, mtaa wa Niagara. Tangu 2011 wahamiaji na wakimbizi wanaanzia biashara zao pale. Moto wa Septemba 2022 uliwafukuza mtaa wa Grant, wakajenga upya. Kula, kisha waangalie wanavyosimama.

Usiku ule nilimtumia mama picha ya kazi yangu ya mkono. Alijibu kesho yake asubuhi: "Umesuka kinyume. Fumua."